Kigingi cha Mwisho

Kazi yangu ndogo: nabeba nyundo,
nakwenda hadi sauti nyuma yangu iseme basi,
napiga chuma mchangani, nabana kebo,
nainua mkono.

Tuko Kipungani, nyuma ya nyumba za makuti,
mapema, kabla mchanga haujaanza kuchoma nyayo.
Vigingi vinne katika mstari mmoja:
viwili vya nje vinatia umeme,
viwili vya ndani vinasikiliza.
Katikati, chini ya mwavuli uliovunjika ubavu,
Injinia Mwanamkuu Kupi, betri ya gari,
na karatasi ya grafu inayohesabu kwa pupa:
moja, kumi, mia, elfu.

Mkondo mnyoofu, ndivyo anavyouita.
Mikondo tuijuayo sisi hupinda, hurudi,
huwa na saa zake za kujaa na kupwa.
Huu hauna bamvua.
Unaingilia kwangu, unazama gizani,
unatokea kwa Shekuwe upande wa pili,
na njiani umeonja kila kitu.

Mita moja na nusu. Mita tatu. Mita tano.
Mchanga wa juu mkavu, mchoyo, haupitishi.
"Mwagia!"
Namwagia kigingi kikombe kutoka kwenye dumu.
Yakimwagika hayazoleki, wamesema,
nami namwaga ili nipate mengine.
Mlangoni mama mmoja ananitazama, ndoo tupu mkononi.
Hasemi neno. Heri angesema.

Mita kumi na tano.
Hili bado halijanizoea:
kutaka kujua kina hatuchimbi,
tunaachana.
Kila Shekuwe anapokuwa mdogo kwa mbali
ndipo Injinia anapoona chini zaidi.

Mita ishirini na tano. Punda wa Bwana Famau
akakanyaga kebo, namba ikaruka.
Injinia akaandika, akatazama, akafuta.
"Huyu si tabaka," akasema,
tukarudia.

Elfu na mia mbili. Mia tisa. Mia tatu na kumi.
Tisini. Sabini na nne. Sabini na mbili,
hapo sauti yake ikapungua mwendo,
kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.
Kisha thelathini. Kisha kumi na moja.
Kisha nne.

Chumvi haikatai kitu, alinifundisha jana;
umeme ukibisha hodi, chumvi imeshafungua.
Maji matamu hukataa kidogo.
Kwa hicho kidogo ndipo anapoyajua.

Mwenyekiti wa kamati amekwisha kununua bomba,
za buluu, mita thelathini, zimelala kando ya msikiti
na lebo zake hazijabanduliwa.
Injinia akamwonyesha mchoro, kidole kikiteremka:
"Tatu hadi nane, matamu. Hapa chini, bahari.
Chimbeni mita tano, mkome.
Tekeni kwa ndoo. Pampu itaipandisha."
Mwenyekiti akazitazama bomba zake
kama mtu aliyenunua viatu vya maiti.

Sikusema kitu. Kwetu Siyu
kisima cha bibi yangu kilitiwa pampu, tukashangilia,
na mwaka wa pili kahawa ikawa na chumvi.
Tulimlaumu mpishi
miezi mitatu.

Jua limepanda. Nakwenda kung'oa kigingi changu.
Yule mama bado yuko pale pale.
"Mai yapo?"
"Yapo."
"Mangi?"
Nikainua mkono juu ya kizingiti cha mlango wake,
nikaongeza kidogo, nikaona haya, nikapunguza.
Akapima kwa macho, akanyamaza,
kisha akaelekeza kidevu kwenye mchanga ulioloa:
"Na yale uliyokuwa ukiyamwaga?"
"Ya bahari, mama. Nimeyateka ufukoni."

Akacheka, akacheka, ndoo ikamgonga goti.
Kigingi kilikuwa cha moto kwa jua;
nikakifunga kwa kanzu yangu kuukuu
nikakivuta, na tundu likajifunika lenyewe.